Jinsi ya kuirudia Star Trek ya 1966: fuata mpangilio wa kushonwa, si wa kuuzwa

Mara ya kwanza nilipojaribu kuirudia Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu wafanyakazi wa meli ya angani, nilipachika mkono wa kushoto wa gauni kwenye bega la kulia. Mimi ni fundi cherehani, na kosa hilo ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, nikajisemea nitatazama huku kazi inakwenda. Ilipofika pale Spock, yule afisa wa masikio marefu asiyeonyesha hisia, anapojifungia chumbani na kulia, macho yakahama, mguu ukabaki kwenye pedali. Kufumua mshono ule kulinila muda kuliko episodi yenyewe.

Kwa hiyo sharti la kwanza nimeshalilipia: kaa chini, mikono mitupu. Kila episodi ina kama dakika 50, na mambo mazuri humo hayapigi kelele. Yanapita kwenye nyuso, kwenye kona ya picha, kwenye kola ya shati.

Jaribio la pili nilikosea upande mwingine. Nilikaa vizuri, nikatazama sita usiku mmoja, na ya sita sikumbuki iliishaje. Usingizi ulichangia, sikatai. Ila tamthilia hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayesubiri wiki nzima, kwa hiyo kila mara inajitambulisha upya: wimbo uleule wa Alexander Courage, meli ileile ikiizunguka sayari kwa pembe ileile, nahodha akisoma kumbukumbu zake ili tujue tuko wapi. Ukizibana sita pamoja utachoka na marudio kabla hujachoka na hadithi. Moja kwa jioni inatosha. Mbili, kama kesho yake hushoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukifungua msimu wa kwanza, mara nyingi utakuta episodi zimepangwa kwa tarehe za kurushwa hewani. Inaanza "The Man Trap", iliyorushwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966. Lakini hiyo ilikuwa ya sita kutengenezwa, ukihesabu na zile mbili za majaribio, zilizotengenezwa ili kukishawishi kituo kiinunue tamthilia. "Where No Man Has Gone Before", ambayo ni jaribio la pili na ilipigwa mwaka 1965, iliwekwa wiki ya tatu. Matokeo yake ni vurugu: wiki mbili za mwanzo daktari wa meli ni McCoy, wiki ya tatu ni mzee mwingine aitwaye Piper, wiki ya nne McCoy karudi kana kwamba alikwenda likizo. Sulu ni mwanasayansi wa fizikia, kisha ghafla yuko kwenye usukani, au tuseme alikuwa kwenye usukani, akahamishwa, akarudishwa. Mashati yanabadilika na kurudi.

Mpwa wangu wa miaka 14, aliyekuwa akinicheka tangu mwanzo, ndiye aliyeuliza, "Shangazi, hawa hawakumbuki walichofanya wiki iliyopita?"

Walikumbuka vizuri. Wauzaji ndio waliochanganya marobota. Nikachukua karatasi ya kukatia patani, nikaandika mpangilio wa kutengenezwa, nikaubandika ukutani. Mwanzo wake ni huu: "The Cage", "Where No Man Has Gone Before", "The Corbomite Maneuver", "Mudd's Women", "The Enemy Within", "The Man Trap", "The Naked Time", "Charlie X", "Balance of Terror". Tazama hizo tisa kwa mfuatano huo na utaona kitu ambacho mpangilio wa kurushwa unakificha: watu wanaotafuta. Hawajui bado Spock ni nani. Hawajui meli yao ni ya shirika gani. Hata jina la nahodha halijatulia. Kwenye jaribio la pili anachongewa kaburi lenye jina James R. Kirk, na hiyo R haikudumu, ikaja T. Ni kama kumwangalia fundi akipima, akikata, akifumua, akikata tena. Mimi hapo ndipo starehe yangu ilipo.

Swali la kwanza ni kama uanze na "The Cage" au uiache. Hii ndiyo ile iliyokataliwa. Nahodha ni Pike, ameigizwa na Jeffrey Hunter, na wa pili wake ni mwanamke mtulivu, Majel Barrett, anayeitwa Number One tu. NBC hawakuitaka lakini wakaagiza jaribio jingine, jambo lililokuwa nadra. Iliwekwa kabatini, na haikurushwa nzima hadi 1988. Wapo wanaosema uiruke kwa sababu sehemu kubwa yake utaikuta tena ndani ya episodi ya baadaye, "The Menagerie". Mimi nasema anza nayo. Utamwona Spock akitabasamu, tena kwa meno yote, mbele ya majani ya buluu yanayotoa mlio. Utamsikia akipaza sauti. Ukishaona hivyo, kila mara atakaponyamaza baadaye utajua ukimya huo ulitafutwa, haukuja wenyewe.

Na ukifika "The Menagerie" usiruke vipande ulivyokwisha kuviona. Muda uliwabana, wakachukua kitambaa cha gauni lililokataliwa wakakatia jipya: Pike sasa ni mlemavu asiyeweza kusema, Spock anashtakiwa kwa kuiteka meli, na "The Cage" inaonyeshwa mahakamani kama ushahidi. Nimewahi kugeuza vitambaa vya namna hiyo, najua mshono wa kuunganishia ni kazi ngumu kuliko kushona upya. Wao walifaulu.

Kabla ya kuendelea, neno moja la kiufundi. Kuanzia 2006 episodi hizi zilisafishwa na picha za angani zikatengenezwa upya kwa kompyuta. Kwenye diski za Blu-ray unaweza kuchagua: picha mpya au zile za zamani. Chagua za zamani, angalau mara ya kwanza. Meli ile ilikuwa kifaa halisi chenye urefu wa kama mita 3.4, na leo kiko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Ukiiangalia ikipita polepole mbele ya kamera unahisi uzito. Meli ya kompyuta inateleza kama sabuni. Kama unatazama mahali ambapo hakuna uchaguzi, basi endelea tu, hadithi ni ileile.

Nguo sasa, na hapa mtanivumilia.

Mbunifu wa mavazi alikuwa William Ware Theiss. Kwenye majaribio mawili wanawake wamevaa suruali kama wanaume, kola ni nene, na nyekundu haipo kabisa. Spock kwenye jaribio la pili kavaa rangi ya dhahabu, si buluu. Ukifika "The Corbomite Maneuver" kila kitu kimekatwa upya: kola nyeusi nyembamba, sketi fupi kwa wanawake, rangi tatu za kuonyesha kazi ya mtu. Lakini angalia Uhura, afisa wa mawasiliano. Kwenye hiyo na "Mudd's Women" bado kavaa dhahabu. Nyekundu yake inakuja baadaye, na ikija hutasahau.

Shati la Kirk unaliona la dhahabu. Lilikuwa la kijani. Taa na filamu ndivyo vilivyolifanya lionekane hivyo. Mahameli yale yalimeza mwanga kwa namna yake. Ndiyo maana lile shati lake jingine la kufungia ubavuni, lililoshonwa kwa kitambaa tofauti, linaonekana kijani waziwazi, na watu wakadhani ni rangi nyingine. Mahameli hayo yalikuwa na ubaya wa pili: kila yakitoka kwa dobi yalinywea. Ukitazama kwa mfuatano, kodolea macho pindo la chini wahusika wanapoketi na kuinuka, wanavyolivuta. Msimu wa tatu wakabadilisha kitambaa. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu, maana hakuna fundi ambaye hajawahi kugombana na nguo iliyokwenda kwa dobi ni shati ikarudi ni kizibao.

Kwenye "Charlie X" fuatilia lifti. Kirk anaingia na shati moja, anatoka na jingine. Mpwa wangu alilinasa kabla yangu, akarudisha nyuma mara tatu, na tangu siku hiyo hakunicheka tena. Alianza kuja na daftari.

Daftari ni ushauri wangu mwingine, lakini usilifanye mtihani. Sisi tunaandika jambo moja tu kila episodi: nini wamekigundua leo? "The Corbomite Maneuver" tuliandika "Spock". Meli inakabiliwa na kitu kikubwa cha kutisha, kila mtu ukumbini ana hofu, na Spock anatakiwa kusema neno moja tu, kwamba jambo hilo linavutia. Leonard Nimoy alisimulia baadaye kwamba aliigiza kwa mshtuko kama wenzake, hadi mwongozaji, Joseph Sargent, akamwambia awe tofauti na wote, awe mwanasayansi. Akalisema kwa utulivu, na mhusika akapatikana. Sikiliza sauti yake kabla na baada ya hapo. Kabla yake, hasa kwenye yale majaribio, anaamrisha kwa ukali kama sajini.

"The Enemy Within" tuliandika mambo mawili. Kirk anagawanyika kuwa watu wawili, mwema na mbaya, na katika kutafutana Spock anatakiwa kumwangusha yule mbaya. Maandishi yalisema ampige kichwani kwa kitako cha silaha. Nimoy akaona mtu wa Vulcan, sayari ya kina Spock, hapigi hivyo, akapendekeza abane shingo. Ndipo ule mbano maarufu ulipozaliwa. Kwa mpangilio wa kurushwa ungeuona kwanza kwenye "The Naked Time", ukadhani ni desturi ya zamani. Jambo la pili ni kile kisichokuwepo. Sulu na wenzake wanaganda kwa baridi kwenye sayari kwa sababu mtambo wa kuwarudisha melini umeharibika, nawe unapiga kelele: si mtume chombo kidogo kikawachukue! Hakipo. Kilikuwa hakijajengwa. Na mtambo huo wenyewe wa kuwasafirisha watu ulibuniwa kwa sababu kuishusha meli nzima kila wiki kungekuwa ghali mno.

Pia kuna mbwa. Amevalishwa manyoya, pembe na antena, tukubali kwamba ni mnyama wa sayari nyingine. Nimemtazama sana mbwa yule. Mshono wa shingoni si mbaya.

Lakini episodi hiyohiyo ina doa. Yule Kirk mbaya anamshambulia Rand, mwanamke kijana anayemhudumia nahodha, na mwishoni, mambo yakiisha, Spock anamtupia Rand neno kwamba yule mbaya alikuwa na sifa zake za kuvutia. Nilipokuwa mdogo lilinipita. Safari hii nilibonyeza kusimamisha. Mpwa wangu alikuwa amekunja uso. Sikumwambia "zamani ndivyo ilivyokuwa", kwa sababu hata zamani kulikuwa na wanawake waliosikia neno lile na kukunja uso. Tulizungumza, kisha tukaendelea. Usiruke sehemu kama hizi, wala usijifanye hujasikia. "Mudd's Women" ina shida ya aina hiyo kwa episodi nzima, na hiyo, nakiri, nilitazama nikiwa nimesimama karibu na mlango. Rand mwenyewe, Grace Lee Whitney, hatamaliza msimu. Baada ya Desemba 1966 humwoni tena, na hakuna anayemuulizia melini.

"The Man Trap" ina kitu chetu. Kiumbe anayehitaji chumvi ili aishi anajigeuza sura ya mtu yeyote ambaye mlengwa wake anamfikiria. Anakutana na Uhura kwenye ujia wa meli, anajigeuza kijana mtanashati, na anamsemesha Kiswahili. Uhura anajibu. Huu ndio mwaka 1966, kwenye televisheni ya Marekani. Hata jina la Uhura limetoka kwenye neno letu. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye majaribio ya kuigiza akiwa na riwaya iliyoitwa Uhuru mkononi, na jina likakatwa kutoka hapo.

Ila jiandae: Kiswahili chenyewe kimepindishwa vibaya. Mara ya kwanza kilinipita kabisa, nikadhani ni lugha ya kubuni. Fanya hivi: zima maandishi ya chini, vaa spika za masikioni, na rudia kipande hicho mara nne au tano. Sitakuambia nilichosikia, maana ukishaambiwa hutasikia kingine. Mimi na mpwa wangu tulitoka na sentensi mbili tofauti na hadi leo hatujapatana. Ukitaka kingine, kwenye msimu wa pili tafuta "The Changeling", ambamo kumbukumbu za Uhura zinafutwa na akianza kufundishwa upya Kiswahili kinamtoka.

Humohumo "The Man Trap", watayarishaji walitafuta vikopo vya chumvi vya maumbo ya ajabu, vya kufaa karne zijazo. Kisha wakaogopa kwamba mtazamaji hatajua ni vya chumvi. Wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu vikawa vifaa vya upasuaji vya McCoy. Kila daktari akimtibu mtu, anamtibu kwa kikopo cha chumvi. Ukishajua hilo huwezi tena kumwangalia kwa uso mkavu.

"The Naked Time" ndiyo iliyoniharibia lile gauni, kwa hiyo nilirudi kwayo kwa heshima. Mwanzoni kabisa watu wawili wanaingia kwenye kituo kilichoganda, wamevaa mavazi ya kujikinga na maradhi. Tazama shingoni. Kofia inaning'inia tu, haijafungwa na chochote. Mmoja wao anavua glavu, anaingiza mkono chini ya kofia, anajikuna pua. Maradhi yote ya episodi nzima yanaanzia kwenye mshono ambao hakuna aliyeushona! Baada ya hapo Sulu anakimbia kifua wazi na upanga, muuguzi Chapel anamtamkia Spock mapenzi (ni Majel Barrett yuleyule, sasa ana nywele za dhahabu), na Spock anakwenda kulia. Kilio kile kilipigwa kwa mkupuo mmoja kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Usikitazame kwenye simu iliyoegemezwa kopo.

Kisha "Balance of Terror". Kama una jioni moja tu, ipe hii. Inaanza na harusi. Kirk ndiye anayefungisha, bi harusi na bwana harusi wote ni wafanyakazi wa meli, na kabla ya viapo king'ora kinalia. Chombo kisichoonekana kinavunja vituo vya mpakani. Wanaokiendesha ni Waromulan, maadui wa vita vya zamani ambavyo pande mbili hazikuwahi kuonana uso kwa uso.

Inafika wakati wanafaulu kunasa picha ya ndani ya chombo cha adui. Simamisha hapo. Kamanda wa Waromulan ana nyusi za kupanda na masikio ya Spock. Endelea kidogo, simamisha tena, na uangalie nani anamgeukia nani. Hakuna anayesema kitu. Stiles, kijana ambaye familia yake ilipoteza watu kwenye vita vile, anamtazama Spock, na chuki iliyokuwa ya jumla imepata mtu wa kukaa juu yake. Nimeitazama sekunde ile labda mara kumi. Hakuna mlipuko wala mwanga, ni shingo tu zinazogeuka.

Kamanda yule ameigizwa na Mark Lenard, ambaye msimu wa pili atarudi kama baba yake Spock. Askari wake wengi wamevaa kofia za chuma zinazofunika masikio, na sababu ni pesa: masikio ya bandia yalikuwa ghali, kofia hazikuwa. Mahali fulani meli zote mbili zinazima mitambo na watu wananong'ona, kana kwamba sauti inapita angani. Haipiti. Waandishi walikuwa wanashona hadithi ya nyambizi na hawakujali, na mimi nikiwa pale sikujali. Mwisho unarudi kwenye ukumbi wa harusi, na bibi arusi yuko peke yake.

Baada ya tisa hizo unaweza kulegeza. Zimebaki nyingi, msimu wa kwanza una 29, na mfuatano hauna uzito uleule tena. "Arena" ni mtu aliyevaa mjusi wa mpira kwenye miamba ya Vasquez Rocks, na Kirk akichanganya salfa, makaa na chumvi ya potasiamu kutengeneza baruti. Ni furaha tupu, na ndimo neno Shirikisho, yaani muungano wa sayari ambao meli ni yake, linapoanza kusikika. "Space Seed" itazame kabla ya filamu ya 1982 inayomrudisha adui wake, Khan, kisha jiulize Khan amemjuaje Chekov, afisa wa meli ambaye msimu huu hayupo kabisa. "The Devil in the Dark" usiikose. "The Alternative Factor" ikose bila majuto. Hata ndevu za mhusika mkuu zinanenepa na kukonda kutoka onyesho hadi onyesho.

"The City on the Edge of Forever" iliyorushwa 6 Aprili 1967 iache ya karibu na mwisho, mahali pake. Kabla hujaianza nenda kwenye mipangilio uzime ile ya kucheza episodi inayofuata yenyewe. Sisi hatukuzima. Kirk ametoa amri ya kuondoka, wamepotea, umebaki upepo juu ya mawe, mpwa wangu ameshika daftari bila kuandika, na kwenye kona ya kioo namba zikaanza kuhesabu: tano, nne, tatu. Nilitafuta rimoti chini ya vitambaa nisiipate.